Walivyonililia Daraja Nililolikosa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasema hivyo baada ya kukaa kwanza na kufikiri kama nina haki ya kusema, nikaona ninayo. Mnaonifahamu mnajua kwamba neno hili halinitoki kirahisi. Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilipokuwa shule ya Jumapili niliuliza samaki walikosa nini hata wakaachwa nje ya safina, na kama waliadhibiwa, mbona hawakufa. Mwalimu akaniambia, Minza, kaa chini. Nikakaa, lakini swali likabaki limesimama.

Nimesikia shuhuda nyingi katika kanisa hili letu la Misungwi na kwingine. Aliyekuwa mgonjwa akapona. Aliyepunguzwa kazi kiwandani akafungua duka. Aliyefeli akarudia mtihani, akawa wa kwanza. Nafurahi pamoja nao. Lakini nataka mjue mapema, asije mtu akasubiri mwisho wa namna hiyo: mimi nilikosa daraja nililolitaka, na hata leo ninapozungumza nanyi sijalipata. Ushuhuda wangu ni mwingine.

Nilizaliwa ng'ambo ya Kigongo. Ukishavuka na pantoni ukateremka Busisi, unaufuata ufukwe kwa miguu mpaka kwenye mawe makubwa, na nyuma ya mawe hayo ndipo kwetu. Baba analima pamba na mihogo, na ana ng'ombe wachache. Bibi mzaa baba, ambaye sasa amelala katika Bwana, alikuwa akianika furu juu ya mawe hayo. Kwa wasiolijua ziwa letu niwaeleze: furu ni samaki wadogo, wa rangi nyingi kuliko kanga za dukani. Nilipokuwa mdogo walikuwa wengi kiasi kwamba watoto tuliwavua kwa pini iliyopindwa. Bibi aliwatenga kwa rangi, wenye ubavu mwekundu huku, wa bluu huku, weusi huku, kisha akatupikia wote kwenye chungu kimoja. Halafu sangara, samaki mkubwa mlafi, akaongezeka ziwani na furu wakaanza kupungua. Mawe ya bibi yakabaki matupu. Nikamuuliza furu wamekwenda wapi. Akasema wameliwa. Nikauliza, wote? Akanijibu, "Nenda kaangalie."

Ndugu zangu, maisha yangu yote ya shule yalikuwa ni kwenda kuangalia.

Nilifika chuo kikuu, Dar es Salaam, nikasoma elimu ya wanyama. Katika idara yetu kulikuwa na chumba cha maabara chenye dirisha moja linalotazama miti, na ukutani rafu za machupa. Ndani ya machupa walikuwamo furu wa ziwa letu, waliovuliwa zamani na kuhifadhiwa kwenye dawa. Siku ya kwanza kuwaona nilisimama pale mpaka nikakosa chakula cha mchana. Mwaka wa mwisho mwalimu aliyenisimamia akaniambia kwamba idara inatafuta kijana mmoja wa kubaki kama msaidizi, atakayefanya utafiti wa samaki wa Ziwa Viktoria na baadaye kupelekwa kusoma zaidi. Sharti lilikuwa daraja la pili la juu. Akaongeza kwamba alipofikiria nafasi ile alinifikiria mimi.

Kuanzia hapo nilihama. Mwili ulikuwa bwenini, moyo ulikuwa umeshahamia maabara. Nilijua meza ipi itakuwa yangu. Nilijua jua linapita wapi saa za asubuhi, na chupa zipi nitazisogeza ili mwanga usiwaumize wale samaki, kana kwamba bado wanaweza kuumia.

Likizo ya mwisho nilikwenda nyumbani. Kanisani kwetu, kabla ya mitihani, watahiniwa hupanga kalamu zao juu ya meza mbele ya madhabahu, na mchungaji huziwekea mikono na kuziombea. Nikaweka na yangu. Sikuamini kwamba wino unasikia maombi. Niliiweka kwa sababu mama alikuwa ananitazama, na kwa sababu niliogopa.

Niliingia na kalamu ileile kwenye mtihani wa takwimu. Sikuwa mgonjwa. Sikuchelewa. Nilikuwa nimesoma. Karatasi ilikuwa ngumu, nami sikuiweza. Ni hivyo tu! Nimetafuta sababu nyingine kwa muda mrefu kuliko nilivyosoma somo lenyewe, na sijaipata. Majibu yalipobandikwa kwenye ubao wa matangazo niliona herufi nzuri zikishuka moja baada ya nyingine, kisha D ya takwimu, kisha chini kabisa daraja la pili la chini.

Mwalimu wangu aliniita ofisini, akanipa kiti. "Umekosa kidogo tu, Minza," akasema.

Alimaanisha kunifariji. Lakini ningekosa sana ningepumzika. Mtu aliyekosa kidogo harudi nyumbani, hubaki amesimama mlangoni akitazama ndani. Nafasi akapewa kijana tuliyesoma naye, mtu mwema asiye na majivuno, mzaliwa wa nchi kavu ambaye hajawahi kuonja furu. Simlaumu.

Nikapanda treni kurudi Mwanza. Miaka hiyo mambo yalikuwa yamegeuka. Zamani aliyehitimu chuo alipangiwa kazi na serikali. Sisi tuliambiwa kila mtu ajitafutie. Nilipanga chumba Nyakato, katika nyumba za wafanyakazi ambamo nusu ya wapangaji walikuwa wamepunguzwa kazi, wanashinda wamekaa barazani na sare zao za kiwandani, kana kwamba king'ora kinaweza kuwaita wakati wowote. Kwenye baraza mojawapo nilifundisha tuisheni ya baiolojia. Ndicho nilichoweza kukipata.

Mwanza ni mji ambao ziwa linakuchungulia kila kona. Mimi nilijifunza njia zisizoliona. Nilizunguka nyuma ya vilima, nikapita mitaa ya viwandani, nikaacha kula samaki. Wanafunzi wangu walipofika sura ya samaki nilimwomba mmoja wao asome kwa sauti, mimi nikatazama ukuta. Maana nilipoona maji tu, niliiona na ile meza. Niliona mtu mwingine ameikalia, na jua la asubuhi linampiga yeye. Nilitamani, ndugu zangu. Sijui niwaeleze vipi. Kuna kutamani kitu usichokuwa nacho, na kuna kutamani kitu ambacho tayari ulikuwa umeshakipenda. Hiki cha pili ni kama kuitwa jina lako na mtu usiyemwona.

Nyumbani hawakujua lolote. Kwao mimi nilikuwa msichana wa kwanza wa kanisa letu kupata digrii, na ilikuwa imeamuliwa kwamba ifanyike ibada ya shukrani. Mama alikuwa ametenga jogoo wa kutoa siku hiyo. Wanawake waliokuja kuuza mihogo mjini waliniletea salamu zake, na kila salamu ilikuwa na jogoo ndani yake. Jogoo anaendelea vizuri. Jogoo amenenepa, wewe unakuja lini. Jogoo sasa anapiga watoto. Nikasema nina kazi nyingi. Siku moja mama mwenyewe akavuka kuja kuniona. Nikamweleza kila kitu, juu na chini, nafasi na sharti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, umefaulu au umefeli?"

"Nimefaulu, mama, lakini..."

"Basi."

Akanifulia mashuka, akarudi kwake. Nami nikabaki na "lakini" yangu.

Waliosikia kidogo habari yangu walinifariji kila mtu kwa namna yake. Mmoja alisema nishukuru kwa yote. Mwingine akasema Mungu ana mpango. Nikamuuliza mpango huo ulihitaji nifeli takwimu kwa alama ngapi, akaacha kunitembelea. Mhubiri mmoja pale Nyakato aliniambia kwamba kalamu ikiombewa na bado mtu akakosa, basi ipo dhambi iliyojificha. Nikaenda chumbani nikaitafuta dhambi hiyo kwa bidii. Nilizikuta nyingi, lakini hata moja haikuwa na uhusiano na takwimu. Nikajiuliza: akifaulu mtu tunasema ni Mungu, akifeli tunasema ni yeye mwenyewe. Ni hesabu gani hiyo? Hata mimi niliyepata D naona haijakaa sawa.

Nikaacha kuomba. Si kwa hasira, ni kwa kukosa la kusema. Na jambo la ajabu ni hili: nilimtamani Mungu vilevile nilivyoitamani ile meza. Nilipopita kanisani na kusikia watu wakiimba, nilipunguza mwendo. Niliona kama huko nako ni mahali nilipokosa kidogo tu.

Ndipo alipokuja shangazi Kabula. Huyu ni dada mkubwa wa baba, mjane, na ndiye anayesimamia misiba yote ya kijijini kwetu: nani apike, nani alale wapi, maiti itoke saa ngapi. Hata mwenyekiti wa kijiji akifiwa humwachia yeye. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuketi, akasema Jumapili imepangwa. Nikija, vizuri. Nisipokuja, watamshukuru Mungu bila mimi, maana jogoo amewachosha. Nikamuuliza itakuwaje nikienda nikasema ukweli, kwamba sina cha kushukuru.

"Sema," akanijibu. "Uongo tunao wa kutosha pale kanisani."

Nikavuka naye. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi kuyatazama maji uso kwa uso. Magugu maji yalikuwa yametanda kijani kama shamba, na pantoni ikayapasua taratibu. Kati ya gugu na gugu paliachwa kipande cheusi cha maji, nami nikainama kukitazama kama mtu anayechungulia dirisha la nyumba aliyowahi kuishi. Sikuona kitu. Shangazi akanishika mkono mpaka tukateremka.

Jumapili kanisa lilijaa. Baba alivaa koti lake. Mama alisimama kando yangu, jogoo kwapani. Mchungaji wetu, kijana mgeni aliyekuwa ametumwa kwetu siku za karibuni, akanikaribisha kutoa ushuhuda. Nikasema yote. Nilisema kwamba kilichowafurahisha wao ndicho kilichonivunja mimi. Nilisema kuna kazi niliyoitaka tangu utoto, nikafika karibu mpaka nikaigusa, nikaikosa, na sijui nitaishi vipi bila hiyo. Kisha nikasema neno ambalo lilimtoa mama machozi:

"Siwezi kushukuru. Nikishukuru nitakuwa nimemdanganya Mungu ambaye sina hakika kama yupo."

Hakuna aliyepumua isipokuwa jogoo. Kiongozi wa kwaya akaanzisha pambio, akaona halifai, akaliacha katikati. Ndipo shangazi Kabula akasimama katika benchi la akina mama.

"Mchungaji, tumekosea sisi. Huyu mtoto amefiwa, na sisi tumemletea jogoo."

Wachache walicheka. Yeye hakucheka. Akaketi. Mchungaji akatoa baraka za kufunga ibada haraka kuliko nilivyowahi kusikia. Mama alitangulia nyumbani na jogoo wake, na jioni ile hakunisemesha.

Sasa sikilizeni Bwana alivyotenda! Kijijini kwetu habari hutembea kwa miguu, na kila anayeibeba huiongezea nguo. Kutoka kanisani habari ilikuwa kwamba shangazi Kabula amesema Minza amefiwa. Ilipofika kitongoji cha nyuma ya kilima ilikuwa imeshakamilika: kwa mzee Masanja, baba yangu, kuna msiba. Kesho yake asubuhi nilikuwa nachota maji nikaona msururu wa wanawake unateremka, kuni kichwani, kanga zimefungwa kiunoni, kimya, ule mwendo ambao mtu wa kwetu akiuona moyo hupiga. Wa kwanza akatua mzigo wake uani, akamkumbatia mama, akalia. Kisha akamuuliza polepole ni nani.

Mama aliona aibu kubwa. Akawaambia hakuna aliyekufa, ni mambo ya shule tu ya huyu binti, poleni kwa usumbufu. Wanawake wakatazamana. Mmoja akainama kuchukua mzigo wake aondoke.

Shangazi akatoka jikoni. "Ziacheni. Kuni za msiba hazirudi zilikotoka. Mnataka ziende zikatafute maiti kwingine?"

Hiyo ndiyo imani ya kwetu. Kuni zikishatuliwa uani kwa ajili ya msiba, mwenye kuzirudisha amejiitia msiba nyumbani kwake. Wasomi tunaweza kuuliza ushahidi uko wapi, na mimi ningekuwa wa kwanza kuuliza, lakini asubuhi ile hakuna mwanamke aliyekuwa tayari kujaribu. Wakabaki wamesimama, hawawezi kuondoka wala kukaa. Shangazi akatandika mkeka katikati ya ua, akaniita nikae. Nikamwambia, shangazi, huku ni kunidhihaki.

"Jana ulisema mbele ya watu wote kwamba umepoteza," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Wanawake nao, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya, wakakaa. Na kwa kuwa walikuwa wamekaa msibani, wakafanya kinachofanywa msibani. Mnajua ilivyo: kila anayefika humshika mfiwa mkono, husema pole, kisha huuliza ilikuwaje. Na mfiwa husimulia, ugonjwa ulianzaje, walikwenda hospitali gani, neno la mwisho lilikuwa nini. Akija mwingine, anaanza upya. Hakuna anayemwambia ana bahati kwa kuwa wengine wamefiwa zaidi.

Basi wakaniuliza ilikuwaje. Kwa wa kwanza nilisimulia kwa maneno ya shule, akaitikia kwa adabu. Kwa aliyefuata maneno ya shule yalipungua. Kadiri nilivyorudia ndivyo ile D ilivyozidi kuwa ndogo katika hadithi, na hadithi yenyewe ikazidi kuwa kubwa, mpaka nikajikuta sisemi tena juu ya mtihani. Nasema juu ya mawe ya bibi. Nasema juu ya chumba chenye dirisha moja, na machupa, na wale samaki wa nyumbani niliowakuta mbali wamepangwa ukutani.

Mama Shija, rafiki wa bibi tangu usichana wao, akasogea. Akaniuliza kama wale wenye ubavu mwekundu nao niliwakuta kwenye machupa.

"Niliwakuta, bibi."

"Na ule wekundu wao?"

"Hakuna. Dawa imewatoa rangi."

Akavuta kanga yake usoni akalia. Akasema yeye na marehemu mumewe waliwala hao siku walipooana, na kwamba alidhani ni yeye peke yake anayewakumbuka. Ndipo ua mzima ukafunguka. Huyu alimlilia binti yake aliyeachishwa shule. Yule alikililia kinu cha kuchambua pamba kilichofungwa, mume wake akarudi nyumbani na hajui siku hizi aweke wapi mikono yake. Mama yangu akanijia, akanilaza kichwa mapajani pake, nami nikalia. Tangu siku ya ubao wa matangazo nilikuwa sijalia, ndugu zangu. Nilikuwa nimefikiri tu.

Msiba wa kwetu hauishi bila mtani. Mchana akatokea Maduhu, mtoto wa shangazi Kabula, na binamu kwetu ni watani. Alikuwa amevaa koti la baba ndani nje, miwani ya katani puani, tofali la udongo kwapani kama kitabu. Akajitupa chini katikati ya ua akalia kwa sauti: "Marehemu wewe! Ulikwenda Dar es Salaam kutafuta furu, na furu kwao ni Busisi!" Akainuka, akatembea kama mimi, kidevu juu, akafunua sufuria jikoni na kuwauliza wapishi wana ushahidi gani kwamba ile ni mboga. Akamsogelea baba, akamwamkia shikamoo, na baba alipoitikia akamuuliza marahaba hiyo ameipima kwa kipimo gani. Mama alicheka mpaka akashika nguzo. Nami nikacheka, machozi yangali shavuni. Kisha Maduhu akamkamata jogoo, na kitu akishakishika mtani msibani hakuna wa kumnyang'anya. Tukamla jogoo yule wote pamoja, na nadhani hata mama alipata nafuu.

Jua likielekea kushuka mchungaji akafika. Alikuwa amesikia kuna msiba, akaja mbio na baiskeli, na alipoelezwa alisimama ameshika usukani akiwa hajui avue kofia au asivue. Shangazi akamwambia amefika wakati mzuri, tunaanua matanga. Ua ukafagiwa. Watu wakakaa kwa duara kama inavyopasa, na shangazi akauliza lile swali ambalo huulizwa kila msiba unapoondolewa.

"Marehemu ameacha nini?"

Nilidhani ni utani unaendelea. Nikamtazama Maduhu, lakini alikuwa ameshaivua miwani yake. Hakuna aliyekuwa akicheka. Nilitafuta la kujibu, vitabu labda, nikaona si jibu.

Baba hakuwa amesema neno juu ya jambo hili tangu kanisani. Ni mtu mpole, na mambo ya chuo kikuu alikuwa akiyasikia kwa mbali kama ngoma ya kijiji kingine. Akanionyesha kwa kidevu.

"Ameacha mtoto," akasema. "Huyu hapa. Tutamlea sisi."

Shangazi akamgeukia mchungaji amwombe Mungu. Kijana wa watu akasema kwa unyofu kwamba hajui sala ya jambo kama hili. Kisha akavua kofia.

"Bwana, hatukielewi kilichokufa. Lakini tumemwona anayelia, na wewe umemwona. Kaa hapa pamoja nasi."

Nikasema amina. Nilisema kabla sijalipima neno hilo, na nilipoanza kulipima nikakuta limeshatoka, nami sitaki lirudi.

Hapo ndipo nilipofunguliwa, ndugu zangu! Mtaniuliza ushahidi uko wapi. Na mimi nimejiuliza, kwa sababu sijaacha kuuliza na sidhani Bwana ananitaka niache. Sina ushahidi wa kuweka kwenye chupa. Nina hili tu: muda wote nilidhani Mungu yuko upande wa ubao, pamoja na wanaotoa alama, na kwamba ili nimfikie ni lazima kwanza nifike pale nilipokosa. Siku ile nilimjua akiwa mkekani, kati ya wanawake wenye kuni, akiuliza ilikuwaje. Yesu mwenyewe alimlilia rafiki yake kaburini, na alijua anakwenda kumfufua. Hakumwambia mtu yeyote pale aache kulia.

Sikuondolewa hamu. Kama mlitegemea niseme kwamba sasa nafurahia na yamekwisha, samahani. Nafundisha baiolojia hapa Misungwi, na naipenda kazi yangu. Lakini zipo asubuhi ambapo jua likiingia darasani kwa namna fulani, ile meza inaniita na mimi naitika. Nikipata nafasi naenda kwetu, nakaa juu ya mawe, natazama majini. Wapo furu wachache katikati ya mawe, nimewaona. Labda siku moja nitaomba tena nafasi, labda hapana. Zamani hamu ile ilinifukuza kutoka kwa watu na kutoka kwa Mungu. Siku hizi nikiwa nayo ndipo ninapoomba vizuri zaidi, maana nina la kusema.

Basi namshukuru Bwana. Nimechelewa, lakini nashukuru. Siishukuru ile D. Sitaishukuru kamwe, wala Yeye hajaniomba. Namshukuru kwa baba aliyenipokea kama yatima wa kitu asichokijua, na kwa shangazi aliyekataza kuni zisirudi.

Na ninyi ambao majibu ya kidato cha nne yametoka juma hili. Waliofaulu wameitwa mbele, tumewapigia makofi, na mimi nimepiga. Lakini nimemwona mmoja wenu aliyetoka nje kimyakimya wakati wenzake wanaitwa. Sitamtaja, anajijua, na atakuwa anasikia kupitia dirisha. Mwanangu, usijilazimishe kushukuru leo. Usiache tu kumwamini anayekutafuta, maana yuko huko nje ulikosimama. Kesho baada ya vipindi nitakuja kwenu. Mwambie mama yako asipike chochote, na asishtuke akiniona nateremka na mzigo wa kuni kichwani.